Ukipewa kuandika wasifu wa baba, anza na mama

Jumatatu usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. "Dada, mzee wetu ametuacha. Kamati imesema mimi ndiye msomi wa familia, kwa hiyo wasifu niandike mimi. Mazishi ni Ijumaa. Nianzie wapi?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana mwaka jana swali hilo lilikuwa langu na nililijibu vibaya.

Wewe unayesoma hapa bila shaka ni kama mimi. Nyumbani ndiwe unayetegemewa kwa kalamu, na ukisimama mbele ya watu unataka wanyamaze wakusikilize. Nami nilitaka hivyo. Baba alipofariki nilijifungia chumbani usiku mbili, nikatoka na kurasa nne nilizojivunia kila neno. Alizaliwa Wundanyi. Aliajiriwa na reli mwaka 1968, wakati shirika lilikuwa bado la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, yeye akabaki palepale karakana ya Nairobi akitengeneza breki za mabehewa, hadi alipostaafu 1999. Nikaweka vyeti, nikaweka uzee wa kanisa. Kuhusu Mama niliandika sentensi moja: "Alikuwa mume mwaminifu aliyeipenda familia yake." Hata hiyo haikuwa yangu. Niliitoa kwenye kijitabu cha mazishi ya mtu mwingine nilichoonyeshwa River Road, nilipokwenda kuulizia bei ya kuchapisha.

Michango, mochari, kibali cha kuzika, basi la kushuka Taita, hayo mnayajua. Siku yenyewe nilikuwa nimepangiwa dakika kumi na tano. Mheshimiwa mmoja akafika amechelewa, akapewa kipaza sauti, akaongea barabara na uchaguzi karibu saa nzima. Nilipoitwa nikanong'onezwa, "Fupisha, kijitabu wanacho." Nikasoma ukurasa mmoja. Mpaka leo jambo hilo linanichoma. Mtu ameishi na mke wake miaka hamsini na mmoja, anapewa dakika nne! Kama uko kwenye kamati ya mazishi, sikiliza: familia iseme kwanza. Mgeni mwenye haraka aende zake.

Lakini kilichonivunja kilikuja siku tatu baadaye, jikoni, nikimsaidia Mama kuosha sufuria za watu.

"Mbona hukusoma habari ya Marikiti?" akaniuliza.

"Habari gani, Mama?"

Tulipokuwa wadogo tulikaa nyumba za reli, Makongeni, na Mama alikuwa akiuza mboga nje ya mlango wetu. Nilijua anaamka mapema kwenda kuzinunua. Sikujua kwamba kwa miaka kumi na miwili Baba aliamka naye saa kumi alfajiri, wakatembea gizani kwa Barabara ya Jogoo hadi soko la Marikiti, yeye mbele na tochi. Wakati wa kurudi, gunia la sukuma wiki lilikuwa begani kwake. Alilitua mlangoni, akaoga, akavaa nguo za kazi, akaenda karakana. Sisi watoto tulikuwa tumelala. Majirani walimcheka: mwanamume wa reli anambebea mke wake mboga! Yeye alikuwa akiwajibu kwamba gunia ni zito, basi.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuwa naandika?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa umefunga mlango."

Nililia siku ile kuliko siku ya kaburi.

Kwa hiyo ndugu zangu, fungueni mlango. Muulize mama yako. Usimuulize baba alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu "alikuwa mtu mzuri" na mtaishia hapo. Muulize alikuwa akiamka saa ngapi, akirudi na mshahara alileta nini, walipogombana nani alianza kusema. Halafu uliza tena kesho, kwa sababu leo amechoka na wageni wamejaa. Na kama baba yako yuko hai, unangoja nini? Muulize yeye mwenyewe, Jumapili hii, kabla hujaanza kuchangisha basi.

Waulize na wajukuu. Watu wazima huwasahau. Mwanangu ana miaka tisa, na Babu yake alikuwa akimpeleka Makumbusho ya Reli kumwonyesha lile garimoshi kubwa, namba 5918, lenye jina la Mount Gelai. Nilidhani wanakwenda kutembea tu. Nilipomuuliza walikuwa wakiongea nini, akanieleza bila kukwama jinsi breki za mabehewa ya zamani zilivyofanya kazi: bomba moja linapita mabehewa yote, kwa hiyo behewa likikatika, breki zinajifunga zenyewe. "Babu alisema ndiyo maana alikuwa anakagua kila bomba mara mbili. Alisema ndani kuna watoto wa watu." Miaka thelathini na mmoja ya kazi ya baba yangu, na mimi niliandika "fundi wa breki".

Yule msomaji nilimjibu hivi: weka kalamu chini, nenda ukakae na mama yako.

Jumamosi iliyopita tulifanya kumbukumbu ya mwaka mmoja, watu kumi na wanne sebuleni kwa Mama, bila kipaza sauti wala mheshimiwa. Nilisoma wasifu mpya, kurasa sita. Hakuna aliyenikatiza isipokuwa Mama, nilipofika kwenye gunia.

"Sukuma ilikuwa siku za kazi," akasema. "Jumamosi alibeba viazi."

Nikachukua kalamu, nikaongeza viazi, nikaendelea kusoma.