Wasomaji Wanauliza: Baridi Kali Chini ya Sifuri

SWALI: Navaa fulana mbili za pamba, sweta na jaketi nene, lakini nikisimama kungoja basi kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri natetemeka mgongo mzima. Niongeze sweta?

JIBU: Usiongeze, badilisha. Zinazokuponza ni fulana za pamba. Hata kwenye baridi, ukitembea unatoka jasho. Pamba hulinywa na kukaa nalo, na ukisimama tu, kitambaa kile kibichi kinaanza kukunyang'anya joto. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia.

Mwilini vaa nguo ya sufu laini au poliesta, iliyokushika bila kubana. Juu yake sweta la sufu au flisi (kitambaa chepesi chenye manyoya laini), kisha jaketi lisilopitisha upepo. Kinachokutia joto hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Ukijibana sana unaifukuza. Ndiyo maana anayevaa soksi mbili kwenye kiatu kinachomtosha na soksi moja huishia na miguu baridi zaidi: hewa imetoka na damu haipiti vizuri. Glovu ambazo vidole vinne hukaa pamoja zinashinda zile za kila kidole peke yake. Ukihisi jasho linaanza, fungua zipu kabla hujaloa.

Upepo nao uuhesabu. Nyuzi 15 chini ya sifuri zikiandamana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huzihisi kama 26 chini ya sifuri. Funika masikio, pua na mashavu. Huko ndiko kuganda huanzia.

SWALI: Umeme ukikatika usiku, tunaweza kuingiza jiko la mkaa sebuleni tukiacha dirisha wazi kidogo?

JIBU: Hapana, hata kwa nusu saa. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu hudanganyika makaa yakishakolea na moshi kwisha, wakadhani hatari imepita. Ukweli ni kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa kwa wingi. Dirisha lililofunguliwa kidogo linatoa joto mliloliwashia jiko, na halihakikishi kwamba sumu imetoka.

Kichwa kikiwagonga watu wawili watatu kwa pamoja, na kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje nyote mara moja, kisha piga simu ya dharura. Msirudi kufungua madirisha. Jenereta nayo ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba lake la moshi likielekea mbali na milango na madirisha. Nunueni kengele ya kutambua hewa hii, ya betri, na kuiweka karibu na vyumba vya kulala.

Badala ya jiko, hamieni wote chumba kimoja kidogo. Zibeni chini ya mlango kwa taulo, tundikeni mablanketi madirishani, wekeni godoro mbali na ukuta wa nje, na mlale karibu karibu. Mtoto mchanga asilale katikati ya watu wazima wala chini ya mablanketi mazito: mvalishe nguo za kutosha, alale kitandani pake.

SWALI: Vidole vya mtoto vimekuwa vyeupe na vigumu baada ya kucheza kwenye theluji. Tuvisugue?

JIBU: Msivisugue, wala kwa theluji kama wengine wanavyoshauri. Nyama iliyoganda ina chembechembe za barafu ndani, na kusugua huikatakata. Msiviweke kwenye moto au hita pia, kwa kuwa vimekufa ganzi na vitaungua bila yeye kujua.

Mwingizeni ndani, mvueni nguo zilizoloa, kisha vidole vikae kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 kwa muda wa nusu saa hivi. Maji yapimwe na mtu mzima kwa kiwiko, na yaongezwe yakipoa. Atalia, maana damu ikirudi inauma sana. Malengelenge msiyapasue, na mpelekeni hospitali. Kama mko mbali na vidole vinaweza kuganda tena njiani, afadhali msiviyeyushe kwanza.

Lakini akiwa anasinzia, maneno hayatoki sawasawa, au aliyekuwa akitetemeka ameacha ghafla ilhali bado ni baridi, acheni vidole: mwili wenyewe umeshuka chini ya nyuzi 35. Pigeni simu ya dharura, mkaanze kupasha joto kifua na tumbo.

SWALI: Kinywaji kikali si kinapasha mwili?

JIBU: Kinapasha ngozi tu. Pombe hupanua mishipa ya juu, damu ya moto ikapanda huko na joto likapotea. Tena hupunguza kutetemeka.

SWALI: Bomba la jikoni limeganda. Tunaliyeyusha vipi?

JIBU: Fungueni koki kwanza, maji na mvuke vipate pa kutokea. Tumieni mashine ya kukaushia nywele au taulo lililochovywa maji ya moto, mkianzia karibu na koki na kurudi nyuma. Mkianzia katikati, mvuke unaweza kukwama baina ya barafu mbili na kupasua bomba. Moto wa wazi, kamwe. Kabla ya yote, hakikisheni mnajua valvu kuu ya kufungia maji ilipo na kwamba inazunguka: ufa hauvuji mpaka barafu iyeyuke.