Jibu: Barua ya ukaguzi wa zimamoto ipelekwe kwa nani?

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba barua yako ya kuomba ukaguzi wa ghala la Temeke imekaa kwa Mkurugenzi wa Manispaa zaidi ya mwezi bila majibu. Anza kwa kutazama anwani, kwani huko siko inakotakiwa kwenda. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri, lakini Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali. Dar es Salaam nayo imegawanywa kizimamoto katika Ilala, Kinondoni na Temeke, kila eneo likiwa na kamanda wake; andika kwa Kamanda wa Temeke.

Nilipokwenda kituoni kwa ajili ya duka langu, nilipoteza asubuhi nzima kwa askari wa zamu waliokuwa kwenye gari, ambao kazi yao ni kuitikia miito ya dharura ya 114. Uliza moja kwa moja ofisi ya ukaguzi. Mkaguzi aliyenijia, mpole kweli, aliinamia mtungi wa kuzimia moto kusoma mshale wa presha, kisha akasogeza maboksi na kukuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli. Alikataa kunipitisha kwa hilo tu. Malipo ya ukaguzi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu (control number), si mkononi.

Kwa Zanzibar utaratibu huu haufai, maana wana kikosi chao.