Jumla inayokosea kwa 256: SREG haikuhifadhiwa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kipangaji chako cha nyuzi (programu inayozigawia kazi kadhaa, yaani nyuzi, zamu za prosesa) kwenye ATmega328P, chipu ndogo ya familia ya AVR, hakikuwa na dosari wakati kila uzi ulipoachia prosesa kwa hiari yake, lakini tangu kipima muda kianze kuzipokonya nyuzi hizo prosesa, jumla ya biti 16 hukosea mara mojamoja, na tofauti huwa 256 kamili. Kosa hilihili lilinihangaisha siku kadhaa, na hiyo 256 ndiyo iliyonifumbua macho.

Prosesa hii ni ya biti 8, kwa hiyo jumla ya biti 16 huhitaji amri mbili: ADD kwa baiti za chini, kisha ADC kwa baiti za juu pamoja na biti ya kubeba. Kati ya amri hizo, biti ya kubeba haimo katika rejista yoyote kati ya zile 32 za kazi za kawaida (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, R0 hadi R31). Imo ndani ya SREG, rejista ya hali. Tuseme unajumlisha 1270 na 20. Baiti ya chini imefurika, biti ya kubeba ni 1, na papo hapo kipima muda kinakatiza. Uzi mwingine unafanya hesabu zake na kuifuta biti hiyo, nawe unaporudishiwa prosesa unapata 1034 badala ya 1290.

Nilikuwa nimezoea x86, aina ya prosesa za kompyuta za kawaida, ambayo huhifadhi bendera zake (biti za hali kama hiyo ya kubeba) yenyewe kila inapokatizwa. AVR husukuma kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda) anwani ya kurudi tu, baiti 2, na yaliyobaki ni jukumu lako.

Awali hukuliona tatizo kwa sababu uzi ulioachia prosesa ulikuwa umeita kazi ya kawaida, na kompaila ya GCC haitarajii SREG ibaki ilivyo baada ya mwito; inatarajia tu R2 hadi R17 pamoja na R28 na R29 zirudi salama, na R1 iwe sifuri. Uzi uliokatizwa haukuita chochote, basi rejista zote 32 na SREG ni lazima zihifadhiwe.

Anza kwa kusukuma R0, soma SREG kuiweka ndani ya R0, isukume, kisha endelea na rejista nyingine, na kabla ya kuingia kwenye msimbo wa C ifanye R1 kuwa sifuri. Wakati wa kurudisha, fuata mpangilio huo kinyumenyume na umalize kwa RETI, amri ya kurudi kutoka kwenye ukatizaji.

Halafu, tafadhali, andika uzi wa majaribio unaoweka thamani tofauti katika kila rejista, unaoiwasha biti ya kubeba, unaosubiri kidogo, kisha unaokagua vyote na kurudia bila kikomo, huku uzi wa pili ukiifuta biti hiyo mfululizo. Wangu ulinasa kosa ndani ya sekunde chache. Nilipoongeza SREG, ulikwenda usiku kucha bila kunasa lolote.