Mrehani una harufu kali kuliko zamani: ni ukame, au kuna risasi?

SWALI: Nalima mrehani na pakanga kwa ajili ya dawa. Misimu miwili hii mvua imekuwa haba. Mimea imedumaa, lakini majani yananukia kuliko zamani na wanunuzi wanasema dawa imekolea. Pembeni mwa shamba watu waliwahi kuvunja betri za magari. Mimea haina doa lolote. Je, ukame umeniongezea dawa kweli? Na risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, niihofie?

JIBU: Wanunuzi wako hawajakosea, ila wamepima upande mmoja tu. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani ili ubanie maji. Kwa kufanya hivyo hukosa hewa ya kaboni, huku jua likiendelea kuwaka vilevile. Nishati iliyokosa kazi ya kujenga sukari ingeweza kuunguza seli, hivyo sehemu yake huishia kwenye terpeni, fenoli na, kwa mimea mingine, alkaloidi. Hizo ndizo harufu na dawa yenyewe.

Sasa piga hesabu ya mfano. Mmea ulioshiba maji ukitoa gramu 100 za majani makavu yenye mafuta asilimia 1, umepata gramu 1 ya mafuta. Uliodumaa ukatoa gramu 50 zenye asilimia 1.5, umepata gramu 0.75. Ukali umepanda, mavuno yameshuka. Na ukame ukizidi, hata ukali hushuka, kwa sababu mmea hauna tena cha kutengenezea. Ukitaka kujaribu, mwagilia vizuri wakati wa kukua, kisha punguza maji siku chache kabla ya kuvuna, tena kwenye matuta machache kwanza. Mimea haiitikii kiu kwa namna moja.

Kuhusu risasi, ndiyo, ihofie. Jani la kijani kibichi halithibitishi kitu. Mimea hufunga metali nzito kwa protini fupi zenye salfa na kuzihifadhi ndani ya seli zisiidhuru. Mmea unajilinda wenyewe, haumlindi atakayekunywa chai yake.

Risasi nyingi hukwama kwenye mizizi. Inayofika kwenye majani mara nyingi ni vumbi, na hapo ndipo ukame unapokuumiza mara ya pili: udongo mkavu hupeperuka, na mmea mfupi huwa karibu nao. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni jambo jingine. Hiyo hupanda hadi kwenye majani, na kuosha hakuitoi. Inaweza kuwa imeletwa na mbolea ya fosfeti hata pasipo betri. Maji ya kumwagilia yenye chumvi huifanya itembee kwa urahisi zaidi, na asidi iliyomwagika kutoka kwenye betri pia hulegeza metali udongoni. Halafu mmea uliodumaa hauna majani ya kutosha ya kuisambaza, kwa hiyo kila gramu inaweza kubeba zaidi. (Wapo wanaosema kuchemsha huondoa sumu. Kuchemsha huua vijidudu, si metali.)

Simamisha kuuza majani ya upande ule hadi upate vipimo. Usichanganye sampuli za shamba zima: chukua udongo na majani ya karibu na betri, kisha ya mbali, kila kimoja kwenye mfuko wake. Majani yagawe mafungu mawili, moja lioshwe, jingine lisioshwe. Tofauti kubwa kati yao itakuonyesha kuwa shida ni vumbi. Shirika la Afya Duniani limependekeza mitishamba mikavu isizidi miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadimiamu kwa kilo. Viwango vya nchi unakouza vinaweza kuwa vikali zaidi.

Usikimbilie chokaa kabla ya majibu. Hupunguza asidi na kuzuia kadimiamu na risasi zisipande, lakini haiziondoi, na aseniki, sumu nyingine ambayo pia huwamo kwenye betri, inaweza kulegea zaidi. Omba maabara waipime nayo.

Majani yakikutwa na metali, mrehani bado unaweza kuukamua mafuta kwa mvuke, kwa kuwa risasi na kadimiamu hazipandi na mvuke huo, hubaki kwenye mashapo. Mafuta nayo yapimwe kabla ya kuuzwa. Mashapo usiyarudishe shambani wala usiwape mifugo. Pakanga ya chai, kwa upande ule, ing'oe.