Skima inagoma kwenye head, nimekosea wapi?

SWALI: Mambo vipi fundi wetu. Naandika skima ya XML, yaani faili la kanuni za mpangilio wa elementi, ya kukagua kurasa zetu za XHTML (HTML iliyoandikwa kwa kanuni za XML). Kwenye head nimeweka meta, link na script zozote, halafu title, halafu tena meta na wenzake, halafu base kama ipo, halafu tena meta na wenzake. Nikiipeleka Xerces (programu ya kusoma na kukagua XML) inanitupia kosa la cos-nonambig, yaani skima ina utata, hata kabla ya kugusa ukurasa, na kurasa zenyewe ziko sawa kabisa! Shida nini?

JIBU: Poa sana. Kurasa zako hazina neno, kinachokataliwa ni skima yenyewe. Hebu jifanye we ndo programu ya kukagua, umeshasoma title, sasa inakuja meta. Hiyo meta ni ya fungu lililo kabla ya base, au base haipo na hii tayari ni ya fungu la mwisho? Huwezi kujua mpaka uchungulie mbele, na XML Schema 1.0 ya mwaka 2001, ndo lugha ya skima yako, haitaki kuchungulia, inataka elementi ikitokea tu ijulikane hapo hapo inaangukia sehemu gani ya skima. DTD nazo (aina ya zamani ya skima) zina sheria hiyo hiyo, imetoka huko kwenye SGML, lugha iliyozaa XML.

Dawa yake: zile meta za mwisho zifungie pamoja na base kwenye kifurushi kimoja cha hiari. Base isipokuwepo, nazo hazipo, kwa hiyo baada ya title linabaki fungu moja tu. Ila XHTML inaruhusu base itangulie title, so weka tawi la pili linaloanza na base, kisha meta na wenzake, title ya lazima, meta tena. Fungu la kwanza kabisa liache nje ya matawi yote mawili, ukiliingiza ndani ya kila tawi cos-nonambig inarudi vile vile. DTD ya XHTML 1.0 imeandikwa hivyo hivyo, haipendezi machoni lakini inapita.

Mi ningekuwa na uhuru wa kuchagua ningetumia RELAX NG, lugha nyingine ya kuandika skima, yenyewe utata huu haiujali kabisa na inakuruhusu kusema title moja, base isizidi moja, vingine vyovyote, mpangilio wowote, basi.

Na mwenzako akikwambia skima yako ya zamani kwake inapita, muulize kama amewasha ukaguzi kamili wa skima, maana pasa (parser) ya Xerces bila kuuwasha hailalamiki.