Fundo likingʼaa, kaangalie ganglioni kwanza

Juzi kijana mmoja wa maabara kaniletea picha, meno yote nje. Neva ya siatiki ya panya, ile kubwa ya mguu, imefungwa fundo la uzi, na juu tu ya uzi CGRP, peptidi (protini fupi) ya neva iliyopakwa rangi, inawaka kama karabai. "Dada, jeraha limeongeza peptidi!" Nikanyamaza, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Basi wadogo zangu, kaeni tuongee.

1. Peptidi haitengenezwi kwenye fundo. Inatengenezwa kwenye miili ya seli, huko kwenye ganglioni kando ya uti wa mgongo, kisha inateremka na aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, takriban milimita 400 kwa siku. Ukiziba njia, mzigo unarundikana upande wa juu, ule wa kuelekea uti wa mgongo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipima mwangaza wa mafundo kwa miezi. Ganglioni za L4 na L5, zile za kiunoni zenye seli za neva hiyo, nilizitoa vizuri, nikazitia kwenye friza: nitazipaka rangi baadaye. Nikasimama kikaoni nikatangaza kwamba neva ikijeruhiwa, CGRP hutengenezwa kwa wingi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na kwenye ganglioni je?" Sikuwa na jibu. Wiki ileile nikazikata. Upande wa jeraha, seli ndogo zilizotakiwa kujaa CGRP zilikuwa zimefifia. Galanini, peptidi nyingine, ambayo upande usio na jeraha unaitafuta kwa tochi, ilikuwa imetapakaa kila mahali. Kinyume kabisa cha nilichosema. Kilichoniuma zaidi ni wale panya: walipasuliwa, wakachechemea wiki mbili, na jibu lao nilikuwa nimelifungia kwenye friza muda wote.

2. Mguu wa pili wa panya huyohuyo, ule usiojeruhiwa, usiuamini peke yake kwa kulinganisha. Weka na panya waliopasuliwa bila kuguswa neva.

3. Kukatwa neva si sawa na kuvimba. Wayo ukivimba, dutu P (nayo ni peptidi ya neva) na CGRP hupanda kwenye ganglioni. Neva ikikatwa, hushuka. Kuna mwaka panya wetu wawili walipata usaha kwenye mshono, aliyewahudumia hakuandika, na matokeo yao yakatuchanganya hadi tulipofukua daftari la banda la wanyama. Jamani, kidonda kiandikeni kila siku!

4. Kingamwili mpya, ile inayoinasa peptidi ili ipakike rangi, ichanganye kwanza na peptidi yake. Rangi ikibaki palepale, usiitumie.

5. Msizipuuze seli kubwa. Zile za mguso, ambazo kwa kawaida hazina dutu P, baadhi huanza kuitengeneza neva ikishakatwa. Mara ya kwanza kuiona nilidhani nimekosea slaidi, nikarudia kupaka tangu mwanzo. Ilikuwa kweli. Mpaka leo nikiiona huwa naita watu waje wachungulie.

Ganglioni za yule kijana nazo ziko kwenye friza, rafu ya pili. Kesho saa mbili asubuhi tunakaa naye kwenye kriostati, mashine ya kukata vipande vyembamba vya tishu iliyogandishwa.