Mashati meupe ya shule kuwa ya kijivu Dodoma: kabla hujabadili sabuni, angalia maji

Dada, umesema mmehamia Ilazo kutoka Dar, na mashati ya shule ya wanao yaliyokuwa yanang'aa sasa yana rangi ya majivu, kola ndiyo usiseme. Umeshajaribu sabuni tatu za unga na unauliza ipi ununue ya nne. Mimi ni dobi, nafua nguo za watu hapa Chang'ombe ya Dodoma, huu ni mwaka wa 11, na mwaka wa kwanza niliteseka na hilohilo. Usinunue ya nne. Sabuni zako hazina kosa. Shida iko kwenye maji, na kwenye vumbi ambalo nadhani unalilowesha kabla hujalitoa.

Maji yetu mengi hapa mjini yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, na wengine tunaongezea ya visima vya mtaani. Ni maji magumu, yamebeba chokaa na chumvi za ardhini. Kama huamini, chukua chupa mbili za maji zenye mifuniko. Moja tia maji ya bomba, nyingine maji ya mvua uliyokinga. Kwangulia kila moja sabuni kidogo ya mche, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu mpaka shingoni. Ya bomba itafanya weupe kama maziwa yaliyoganda, na vijiuchafu vinaelea juu. Vile vijiuchafu ndivyo vinavyokaa kwenye mashati ya watoto. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haifui, inashikana nayo na kuwa utando, na utando huo unajipaka kwenye uzi wa nguo na kushika kila vumbi linalopita. Kila ukifua unaongeza tabaka. Ndiyo maana shati jipya linapendeza mwezi mmoja tu.

Sabuni ya unga inavumilia maji magumu kuliko mche, kwa hiyo kwa nguo nyeupe tumia unga, mche uuache kwa kola na vikwapa. Lakini hata unga unaliwa na chokaa kabla haujagusa uchafu, ndiyo maana unaona unatia nyingi na povu halisimami.

Sasa dawa ya maji. Nenda soko la Majengo ununue magadi, yaleyale wanayopikia mlenda. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kigogo niliyepanga kwake, na sijawahi kupata kitu cha bei rahisi kinachofanya kazi hivi. Magadi ya sokoni yana mchanga na rangi ya pinki pinki, kwa hiyo usiyatupe tu kwenye ndoo. Yeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa. Kwa ndoo ya lita 20 natumia magadi ya kijiko kimoja cha chakula. Ukimimina utaona maji yanafanya ukungu mweupe. Hiyo ni chokaa inajitenga. Acha usiku kucha. Asubuhi chini ya ndoo utakuta vumbi jeupe laini kama unga wa chaki. Chota ya juu taratibu, ya chini mwaga. Maji hayo ukitia sabuni utashangaa, nusu ya kiasi ulichozoea kinatosha. Chumvi yenyewe haiondoki, ila kwa kufulia chokaa ndiyo adui. Usiyatumie kwa sufi wala hariri, magadi yanazila.

Mashati ambayo tayari ni ya kijivu usiyafikiche kwa nguvu, utayachana bure. Loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu lita 10 yaliyotiwa siki nyeupe nusu kikombe. Siki inavunja ule utando. Suuza vizuri, kisha ndipo ufue kwa sabuni ya unga kwenye maji ya magadi. Mara ya kwanza hayatarudi yote. Mara ya tatu utayatambua.

Vumbi sasa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi upepo wa Dodoma haumwachi mtu, na mtoto akitoka shule shati lina wekundu mgongoni. Kosa la wengi ni kulitumbukiza moja kwa moja kwenye beseni la sabuni. Udongo mkavu ni vumbi tu, ukilowa unakuwa tope na linaingia ndani ya uzi. Nguo zote mimi nazikung'uta kavu kwanza, nje, moja moja, kola na mifuko nazipiga brashi. Kisha maji baridi matupu bila sabuni mara mbili, mpaka yanayotoka yasiwe na wekundu. Hapo ndipo sabuni, dakika 30 za kuloweka. Ukianza kufanya hivyo utaona maji ya kwanza yanavyokuwa, kama chai ya rangi.

Umesema kuna mtu amekushauri utie jiki. Tafadhali usifanye hivyo kwa wekundu wa udongo. Rangi ile ni ya kutu, udongo una chuma, na jiki haing'oi kutu, inazidi kuikaza na kuacha umanjano. Kinachong'oa kutu ni ndimu. Kamulia kwenye doa, nyunyiza chumvi kidogo, anika juani saa moja, suuza. Na hili naliomba kama mzazi mwenzio: jiki na siki, au jiki na ndimu, visikutane kwenye beseni moja. Inatoka hewa ya klorini inayochoma mapafu. Niliwahi kukimbia nje ya banda macho yananitoka machozi kwa sababu beseni lilikuwa na mabaki.

Zabibu zinastahili maelezo yake, maana ukikaa Dodoma zitakufikia. Mwaka wangu wa pili mteja alileta shati jeupe la pamba alilovaa shambani Hombolo wakati wa mavuno, lina matone mekundu kifuani. Nikapaka mche, nikafikicha. Nikaona wekundu unageuka bluu mbele ya macho yangu, kisha kijani cha kufifia, kisha kijivu ambacho hakikutoka tena. Nililipa lile shati, na kwa kipato changu cha wakati ule lilikuwa pigo. Baadaye ndio nikaelewa: rangi ya zabibu inafuata ukali wa kinachoigusa, kwenye sabuni ya mche inakwenda bluu na kung'ang'ania, kwenye ndimu inabaki nyekundu na inalegea. Siku hizi zabibu hazioni sabuni kwanza. Napitisha maji baridi kwa upande wa nyuma wa doa, ili litoke lilikoingilia. Nakamulia ndimu. Kama ni pamba tupu nalitandaza juu ya beseni, nalikaza kwa kamba, namimina maji yanayochemka kutoka juu, kimo cha mkono, wembamba wa mkondo wa chai. Doa linakimbia. Sabuni inafuata mwisho.

Damu ni kinyume chake, moto kamwe, inaiva kama yai. Maji baridi na chumvi, kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunja uchafu kama damu, kwenye vuguvugu. Usiichemshe sabuni hiyo, vimeng'enya vinakufa na umelipia bure.

Mafuta ya alizeti: unga wa sembe juu ya doa uyanyonye, kisha sabuni ya vyombo.

Ulitaja pia doa la manjano ya pilau kwenye shati la mdogo, na kwamba ulipolipaka mche likawa jekundu ukaogopa. Usiogope, manjano yakikutana na mche ndivyo yanavyofanya. Fua kawaida, lianike likiwa bichi, doa lielekee jua. Mwanga unaivunja ile rangi, na jua la hapa halina mchezo, siku mbili tatu zinatosha.

Bluu ya kufulia sina ugomvi nayo, ila ifahamu: haitoi uchafu, inaficha umanjano tu. Itie kwenye maji ya mwisho, shati likiwa safi tayari, na iyeyushe kabisa kwanza, isije ikaacha madoadoa.

La kuanika, geuza nguo ndani nje na uwahi asubuhi. Mimi nikishaona saa tano inakaribia naanza kuanua hata kama mikunjo ya mishono bado ina ubichi, naimalizia ndani ya banda. Upepo wa mchana ukishaanza, shati lililo kambani linarudi kwenye wekundu wake.